Laini ya Shume Imekatika

"Hizo mboga fungu kiasi gani?"

Hivyo ndivyo Secilia alivyomwanza Danieli, katikati ya soko la Lushoto, siku ya gulio, watu wamejaa mpaka huoni pa kukanyaga. Huku karoti, huku peasi, kule kabichi za kutoka Shume zimerundikwa kama mipira ya shule nzima. Danieli alikuwa na mabuti ya mpira, shati la khaki la misitu, na begani gunia lililochomoza majani mabichi.

"Si mboga, dada. Ni matawi ya mkulo, mti wa mbao wa msituni. Ukiyapika mumeo atakufukuza."

"Nani kakwambia nina mume?"

"Hajaniambia mtu. Ndiyo nauliza."

"Hukuuliza wewe, umesema."

"Haya, sasa nauliza."

Secilia akacheka bila kutaka. Na siku hiyo alikuwa amependeza, tusimnyime haki yake: gauni la kijani lenye vidoti, sweta jeupe alilolifuma mwenyewe, na viatu vya raizoni, visigino virefu, vilivyompandisha juu hata akawa anamtazama Danieli jicho kwa jicho. Akamuuliza matawi hayo ya nini. Danieli akasahau kwamba yuko sokoni. Akaeleza jinsi wanavyoukata mkulo kule Shume na kupanda misunobari, na jinsi mkulo ukishakatwa mche wake usivyopenda kuota tena mahali pale. Alitaka kujua kwa nini. Alieleza mikono ikirushwa hewani, mpaka mama mmoja muuza maharage akamwambia asogee, anamzibia wateja.

"Na ukishajua, nani atakulipa?" Secilia akauliza.

"Hapo sasa," akasema Danieli, akajikuna shingo.

Secilia alikuwa mpokea simu posta. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya swichibodi, vipokezi masikioni, na kuunganisha watu: Lushoto na Tanga, Bumbuli na Korogwe, Shume na dunia. Ofisi ya misitu ya Shume ilikuwa na simu moja, na kuanzia siku ile ya gulio simu hiyo ikapata kazi mpya.

"Posta, nikusaidie?"

"Naomba kuambiwa saa ngapi sasa."

"Huko ofisini hamna saa?"

"Ipo, mpenzi. Lakini haina sauti tamu."

"Danieli, hii ni simu ya serikali!"

"Na mimi ni mtumishi wa serikali, nahudumiwa."

Wakapendana. Siku za mapumziko Danieli alishuka na lori la mbao, wakatembea barabara ya Magamba wakila peasi, na watu wakaanza kumwita Secilia shemeji wa misitu. Kitu kimoja tu Danieli hakutaka kukizungumza. Mwaka uliotangulia aliomba nafasi ya utafiti chuo kikuu, Dar es Salaam, ile ambayo chuo kinakulipia miaka miwili usome na ufanye uchunguzi wako. Akamtangazia kila mtu. Kwao Mgwashi wakachinja kondoo, wazee wakamwombea. Baadaye likaja jibu la mistari miwili: hakuchaguliwa. Mgwashi nzima ikamwita "Profesa" kwa kicheko, hata watoto wachungao mbuzi. Tangu hapo akaapa kwamba akijaribu tena hatafumbua mdomo, si kwa mama yake wala kwa mchumba wake, mpaka awe na nafasi mkononi.

Kiapo hicho Secilia hakukijua. Laiti angekijua!

Siku moja, mvua inanyesha, Tanga wakampa simu ya kutoka Dar es Salaam. Sauti ya mwanamke, nyororo, yenye kucheka cheka.

"Dada, niunganishie Shume, ofisi ya misitu. Mwambie Bwana Danieli ni Efrazia."

Efrazia! Si Bibi fulani, si ofisi fulani. Efrazia tu, kama mtu anayejulikana hadi jikoni. Secilia akaunganisha. Mpokea simu anakula kiapo: ukishaunganisha, unatoka, huna haki ya kusikiliza. Secilia hakutoka. Alijiambia anahakikisha laini ni safi.

"Danieli, picha mbili umepiga?"

"Nimepiga tayari."

"Na cheti cha ubatizo? Usije ukakisahau. Suti unayo?"

"Nitaazima ya kaka."

"Vizuri. Na Secilia umemwambia?"

Secilia akakibana kipokezi sikioni.

"Bado. Moyo unaniuma, lakini nitamwambia mambo yakishakamilika."

Secilia akachomoa vipokezi masikioni. Picha, cheti cha ubatizo, suti! Binti aliyekulia katika usharika wa Kilutheri aelezwe nini zaidi? Mtu haendi kuomba cheti cha ubatizo kwenye usharika alimobatizwa ila anataka kutangazwa ndoa kwenye usharika mwingine. Mtu mzima hakihitaji kwa jambo jingine. Hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua hivyo.

Hata hivyo moyo wa mtu anayependa hutafuta mlango wa kutokea. Jumapili akamfuata Mzee Yohane, mjomba wake, mzee wa kanisa kule Mgwashi, aliyekuwa amekuja Lushoto kwenye kikao cha dayosisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na hongera!"

"Hongera ya nini, mjomba?"

"Unanificha mimi? Danieli si alikuja wiki iliyopita kuchukua cheti chake? Mchungaji akamuuliza, ndoa lini? Akacheka tu, akaondoka mbio. Nikawaambia wenzangu, huyo ni wa Secilia wetu."

Secilia akajilazimisha kutabasamu. Alipofika chumbani kwake alilia kilio cha hasira, kile ambacho mtu anapiga mto ngumi. Wivu, jamani, ni ugonjwa usio na zahanati. Ulimlaza macho, ukaamka naye. Akamchora Efrazia kichwani: mrefu, mweupe, mikono laini isiyowahi kushika jembe, anamlisha Danieli wake chipsi Kariakoo. Danieli alipopiga simu kuuliza saa, akamjibu, "Tazama jua," akakata.

Kisha sauti ile ikarudi.

"Dada, Shume tafadhali. Bwana Danieli."

Plagi ilikuwa mkononi. Tundu la Shume lilikuwa mbele yake, wazi.

"Laini ya Shume imekatika," Secilia akasema. "Mvua imeangusha mti."

"Aa, pole zenu. Nitajaribu kesho."

Na kesho yake akajaribu. "Mafundi bado hawajapanda, dada," akasema Secilia, na utamu wa kusema vile ulimfurahisha kwa muda wa kumeza mate, halafu ukageuka uchungu. Mwenzake Zuhura, aliyeuza stempu dirishani, akamgeukia. "Shume si nimetoka kuongea nao sasa hivi?" Secilia akamwambia ashughulike na stempu zake.

Jumatano mchana Efrazia akapiga tena. Safari hii hakucheka.

"Dada yangu, mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, nakuomba kwa hisani yako. Kama laini bado, tafuta hata mtu wa lori ampelekee Danieli ujumbe. Kamati ya fedha za utafiti imesogeza usaili. Ni keshokutwa Ijumaa asubuhi. Asipotokea, nafasi anapewa mwingine. Ombi la mwaka jana liliangushwa kwa kukosa uthibitisho wa kuzaliwa na barua ya tawi la chama, mwaka huu tumehangaika mpaka vyote vimepatikana. Huyu kijana nimemwona porini akipiga magoti kwenye tope kwa ajili ya mche mmoja. Nina umri wa kumzaa, dada, na wa kwangu wanne. Nitasikitika kana kwamba mtoto wangu mwenyewe amekosa."

Secilia akalitazama tundu la Shume.

"Hallo? Upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Utanisaidia?"

"Atafika," Secilia akasema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Akachomeka plagi ya Shume haraka hata akakosea tundu. Karani wa kule akamjibu kwamba Danieli hayupo, yuko kambini juu msituni tangu asubuhi, harudi leo. Basi Secilia akavua vipokezi, akamwambia Zuhura, "Nishikie," na kabla Zuhura hajauliza, yuko barabarani. Lori la mbao la Mussa lilikuwa linageuza sokoni, tupu, linarudi kupakia. Akapanda na raizoni zake.

"Mussa, nipeleke kambini."

"Kambini? Dada, huko hata mimi naenda kwa sababu nalipwa!"

"Twende!"

Njia ilikuwa tope tupu. Ukungu ulishuka kwenye misunobari, baridi ikapenya sweta. Njia nzima Secilia alijitungia uongo. Angesema ujumbe umefika leo hii tu. Nani angejua? Danieli angemshukuru, angemkumbatia mbele ya Mussa. Aliupanga uongo huo ukapangika vizuri kabisa.

Wakamkuta Danieli amekaa kwenye gogo la mkulo, peke yake, hata koti hana. Alikuwa amekonda. Alipomwona Secilia akishuka kwenye lori na tope mpaka magotini, akasimama.

"Secilia? Kuna msiba?"

"Hapana. Usaili wako ni keshokutwa asubuhi. Mama Efrazia amepiga simu. Inabidi ushuke sasa hivi na lori hili, ulale Mombo, upande basi la alfajiri."

Danieli akamtazama kama hasikii, kisha uso ukafunguka. "Wameniita? Mungu wangu, wameniita! Nilijua wamenikataa tena. Aliahidi kunipigia wiki iliyopita, nikakaa na ile simu kama mgonjwa, haikulia. Nikasema basi, ndiyo yale yale, Profesa wa Mgwashi. Ndiyo maana nikaja kukaa huku, nisionwe na mtu." Akamshika mikono. "Nawe umepanda mpaka huku kwa ajili yangu!"

Hapo ndipo uongo uliopangwa vizuri ulipokataa kutoka. Secilia akaitoa mikono yake.

"Alikupigia. Alipiga mara mbili. Nilimwambia laini imekatika."

"Ilikatika?"

"Haikukatika. Niliwasikiliza siku ile ya cheti, Danieli. Nikasikia picha, nikasikia suti, nikasikia hujaniambia. Mjomba Yohane akanipa hongera. Nikajua unamwoa. Nilikuwa na wivu, nikataka na yeye akae akisubiri kama mimi."

Mussa akajifanya anakagua tairi.

"Cheti cha ubatizo," Danieli akasema polepole. "Chuo wanataka uthibitisho wa kuzaliwa. Mimi nimezaliwa Mgwashi kwenye shamba la mahindi, Secilia, mama akipalilia. Cheti cha serikali ningekitoa wapi?"

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia! Na wewe ungeniuliza! Umenizika hai wiki nzima kwa sababu ya kuona aibu kuniuliza?"

"Niliapa kutosikiliza. Ningekuuliza vipi?"

"Kwa mdomo," akasema Danieli. Akaingia hemani, akatoka na begi, akapanda nyuma ya lori, kwenye baridi, ingawa mbele palikuwa na nafasi.

Secilia alikaa mbele na Mussa, wala hakugeuka, maana machozi yalikuwa yanamtiririka. Lushoto walimshusha. Danieli hakuaga. Lori likaendelea kushuka kuelekea Mombo, na taa yake ya nyuma ikapotea kwenye kona.

Asubuhi yake Secilia alikwenda mwenyewe kwa postamasta, Bwana Nikodemo, akamweleza yote. Bwana Nikodemo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwambia kwamba mwisho wa mwezi atahamia dirisha la stempu, na Zuhura atafundishwa swichibodi, na amshukuru Mungu kwamba yeye Nikodemo amewahi kuwa kijana. Secilia akasema asante. Hakujitetea hata kidogo.

Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Simu za Dar zikaja, za kabichi, za vifo, za mikutano ya chama. Kila taa ya Tanga ilipowaka moyo ulimruka. Jumatatu jioni ikawaka.

"Lushoto, pokea Dar es Salaam. Mtu na mtu. Anatakiwa Secilia mwenyewe."

"Ndiye mimi," akasema.

"Secilia." Ilikuwa sauti yake. "Nimepata."

Akaweka mkono mdomoni. "Hongera, Danieli. Hongera sana."

"Walikuwa watano mezani. Wakaniuliza mkulo una faida gani kwa ujamaa. Nikawaambia walionitangulia kuukata wameshakula faida, mimi natafuta ya wajukuu. Mmoja akacheka. Miaka miwili. Mwaka wa pili nitakuwa huko huko Shume, nafanya uchunguzi."

"Mungu ni mwema. Na... bado una hasira na mimi?"

"Ninayo. Nimeibeba mpaka Dar, nimelala nayo hosteli. Inauma, Secilia. Na pamoja na hasira yangu, walipotaja jina langu, mtu wa kwanza niliyetaka asikie ni wewe. Sasa nifanyeje na mtu kama huyo?"

Secilia akavuta pumzi. Alijua Tanga wanasikiliza, na Korogwe wanasikiliza, na Zuhura kule dirishani ameacha kuhesabu stempu. Wote wasikie.

"Umwoe," akasema. "Danieli, nioe. Sitaki kusubiri mpaka uniulize, wala sitaki kukisia tena. Nakuuliza kwa mdomo wangu, ukikataa nijue moja."

Waya ukanguruma. Kabla Danieli hajajibu, sauti ya dada wa Tanga ikaingia, kavu, ya kazini:

"Dar es Salaam, dakika tatu zimekwisha. Nikate au mnaongeza?"

"Ongeza, dada," akasema Danieli. "Ongeza, nina jambo la kumjibu mke wangu."