Tiyo Iliyofichwa Chini ya Simenti

Ndugu zangu wa Mushaki, kaeni kidogo niwaeleze yaliyoipata nyumba ya Sebarenzi. Wengi wenu mlisikia nusu tu, tena barabarani.

Sebarenzi ni mkulima wa maharagwe na mzee wa kanisa. Nyumba yake iko kwenye mteremko, juu kidogo ya kwangu. Alasiri, ukungu ukianza kushuka na ng'ombe wakirudi, ungemkuta mama yake mzazi, Mukasine, ameketi uani akichambua maharagwe, mjukuu wake Cindy akimchekesha, na Nishimwe, mke wa Sebarenzi, akikoleza moto jikoni. Ilikuwa nyumba ya amani. Tena ilikuwa na dushi ya kuogea ndani, jambo ambalo nyumba nyingi kwetu hazina. Maji yalishuka kutoka kwenye tangi kupitia tiyo iliyozikwa chini ya sakafu ya simenti.

Siku moja Nishimwe aliona maji yakitoka chini ya ukuta wa dushi, ilhali robine, bomba la kufungulia maji, imefungwa.

"Papa Cindy," alimwambia mumewe, "tiyo ya dushi iko navuja."

Sebarenzi akamwita Hakorimana, fundi wa maji. Fundi alibomoa pembe ya sakafu, akachungulia, akasema tiyo imechakaa, ing'olewe yote na iwekwe mpya. Sebarenzi akakataa. Uwezo alikuwa nao. Ila siku zile alikuwa akiweka karo, vigae vyekundu vya sakafu, barazani, kwa sababu Cindy alikuwa amechumbiwa na wakwe walikuwa wanakuja kujitambulisha.

"Nikivunja sakafu yote sasa, bageni batakuta matope mu nyumba," alisema. "Funga tu na mupira. Ya kule nyuma hakuna muntu ataiona."

"Papa, mupira haitadumu," alijibu Hakorimana. Lakini nyumba si yake. Alikaza utepe wa mpira wa tairi palipopasuka, simenti ikarudishwa juu, na kwa macho mambo yote yakawa sawa.

Maji hayadanganywi kwa simenti, ndugu zangu. Yalizidi kutoka, na kwa kuwa yalizibiwa juu, yakatafuta njia chini, yakiusomba udongo na kuuteremsha polepole.

Chumba cha Mukasine kilipakana na dushi. Asubuhi moja alimwita mwanawe.

"Mutoto yangu, ukuta yangu iko natoka jasho. Na kule chini nasikia maji iko natembea."

"Ni mvua, Mama. Mwaka huu mvua iko mingi."

"Mvua hainyeshake chini ya kitanda," alisema mama.

Nishimwe naye akaingia. "Mama anasema kweli. Mimi pia nikisimama pale mu dushi, sakafu iko nalia kama ngoma."

Sebarenzi akacheka. "Kumbe banamuke mulishakuwa mafundi?" Akachukua koti, akaenda kanisani kusimamia madirisha mapya. Kule alikuwa hodari: mlango ukikwaruza kidogo, anaita seremala siku hiyohiyo. Mukasine hakusema tena. Alimwomba Cindy amsaidie kusogeza kitanda upande mwingine wa chumba. Jamani, mzazi akinyamaza, msidhani ameridhika.

Siku ya wageni ikafika. Baraza liling'aa. Viateur, baba wa bwana harusi, aliingia na ndugu zake, wote na makoti yao mazuri, wakakaa saloni, chumba cha kupokea wageni, pamoja na sisi majirani tulioalikwa. Mukasine aliingia dushi kunawa kabla ya kuja kuwasalimu. Hotuba ya kwanza ilikuwa bado haijaisha tuliposikia kishindo nyuma ya nyumba, kisha sauti ya Nishimwe:

"Mama! Mama ameingia chini!"

Sakafu ya dushi ilikuwa imekatika. Chini yake palibaki shimo tupu, na ndani ya shimo hilo mama mzee alikuwa amelala kwenye matope, maji yakimmwagikia. Viateur alivua koti akashuka wa kwanza. Tulimtoa tukiwa matope hadi kiunoni. Sebarenzi alikuwa akirudia tu, "Bageni mutanisamehe, mutanisamehe."

"Acha bageni," Viateur alimkatiza. "Shika miguu ya mama. Mambo ya bukwe, ya ndoa ya batoto, tutaongea siku ingine."

Tulimbeba kwa kipoyi, machela ya kubebea wagonjwa, hadi barabarani, tukapata gari la kumfikisha hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika. Madaktari walimwokoa, na baada ya muda mrefu alirudi nyumbani, lakini hatembei tena bila kushikwa.

Sebarenzi alichimba yeye mwenyewe, pamoja na Hakorimana. Waling'oa tiyo yote, wakashindilia udongo na mawe, wakajenga upya sakafu na ukuta wa dushi, wakapitisha tiyo mpya nje ya ukuta, mahali ambapo kila jicho litaiona ikianza kuvuja. Cindy aliolewa; Viateur na watu wake hawakurudi nyuma. Siku kazi ya tiyo ilipokwisha, Sebarenzi alipiga magoti mbele ya mama yake, akalia.

"Sikukuomba karo," Mukasine alimwambia. "Nilikuomba unisikie."

Akamwekea mkono kichwani. Mimi nilikuwepo. Sijaona mwanamume akilia vile.

FUNZO

Ndugu zangu, tusipambe baraza la wageni huku wanaolala ndani wako hatarini. Kinachovuja kirekebishwe kikiwa bado kidogo, tena kirekebishwe kweli, si kufunikwa. Na mke au mzazi akikuambia nyumba inaumwa, msikilize, kwa sababu yeye ndiye anayeishi nayo mchana kutwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta Sebarenzi aliujenga tena. Nyonga ya mama yake hakuweza.