Samahani Mpenzi, Naanza Upya

"Kaa sawa, dada. Ukitikisika hivi mstari utapinda."

Mukunde akatulia. Alikuwa saluni, Kabeza, kichwa kimeinamishwa, Christella msusi amezishika nywele zake kama anazing'oa. Ndipo simu ya mtu ikaita upande wa pili.

Haikuita kama simu nyingine. Ilianza na mlio wa inanga, nyuzi zinaguswa kwa kusitasita. Halafu sauti ya mwanamke ikaingia ikiimba sifa za ng'ombe, ikapanda, ikakwama, ikakatika kama mtu aliyepaliwa. Kisha yule mwanamke akasema: "Aa! Samahani mpenzi, nimekosea. Naanza upya."

Saluni nzima ikaangua kicheko.

Mukunde hakucheka. Sauti ile ilikuwa yake.

"Trinah, mlio huo umeutoa wapi?" Christella aliuliza, anajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Kwa mchumba wangu, sha!" akajibu msichana aliyekuwa anapakwa rangi ya kucha. "Kuna mama mmoja wa Kagarama amemng'ang'ania. Kila jioni anajirekodi, anamtumia. Mtu mzima, miaka arobaini na ushee, ndio kwanza anajifunza inanga! Tuna grupu nzima ya kumsikiliza. Jioni ikifika watu wanauliza, konseti ya leo iko wapi?"

"Na mchumba wako anamjibu?"

"Vizuri sana! Anamwandikia, 'Unaendelea vizuri, malkia wangu, usikate tamaa.' Akikata tamaa sisi tutacheka nini?"

Wakacheka tena. 

"Mchumba wako anaitwa nani, mdogo wangu?" aliuliza, macho yakiwa sakafuni.

"Rugamba. Anafanya kazi uwanja wa ndege. Unamjua?"

"Nimewahi kumsikia."

Kuondoka hakuweza. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama majani ya mnanasi. Ikabidi akae pale mpaka mwisho, na simu ya Trinah ikaita tena, na tena, na kila ilipoita alijisikia akiomba msamaha mbele ya watu.

Mukunde alikuwa mfamasia. Alizaliwa na kukulia Mwanza, akahamia Rwanda, nchi ya wazazi wake, akiwa mtu mzima, akafungua duka lake la dawa Kagarama. Rugamba alikuja dukani siku moja kutafuta dawa za mama yake, Mama Nyirarukundo, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na ilimlazimu kusafishwa damu hospitali kila wiki. Rugamba alikuwa mtu wa maneno matamu. Kabla msimu wa mvua haujaisha, Mukunde ndiye aliyekuwa anampeleka mama hospitali, anakaa naye, anamrudisha nyumbani kwao Kanombe, anampikia uji usio na chumvi.

Siku moja mama akasema, "Baba yangu alikuwa anapiga inanga. Natamani kuisikia tena ndani ya nyumba kabla sijafa."

Rugamba akamgeukia Mukunde. "Jifunze wewe, mpenzi. Utampigia siku ya harusi yetu."

Ndivyo alivyoanza. Mwalimu wake alikuwa Bigirimana, mwanamume mkavu aliyekulia Bujumbura, anayefundisha kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake. Inanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia. Mtu anaupakata, anadonoa nyuzi kwa vidole, anaimba kwa sauti ya chini karibu na kunong'ona. Ukiiona kwa mwenzako utadhani ni rahisi. Vidole vya Mukunde vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Na Bigirimana hakuwahi kumpa hata neno moja la kumfariji.

"Vibaya. Rudia."

"Mwalimu, nimefanya kazi tangu asubuhi."

"Non. Uchovu wako usiniletee hapa. Rudia."

Mara nyingi alilia ndani ya gari. Lakini akifika nyumbani alijirekodi, akamtumia Rugamba, na jibu lilikuja haraka: *Leo umenitoa machozi, malkia wangu. Kesho nitumie tena.* Basi kesho yake alirudi kwa Bigirimana na vidole vyake vibovu. Maneno yale ndiyo yaliyomwamsha asubuhi.

Kutoka saluni Mukunde aliendesha moja kwa moja hadi Kanombe. Rugamba alikuwa sebuleni anakula. Mama alikuwa kwenye kochi lake, blanketi magotini.

"Oo, nywele nzuri!" Rugamba alisema. "Njoo ukae, chérie."

"Trinah ni nani?"

Kijiko kikasimama hewani.

"Trinah yupi?"

"Huyo ambaye simu yake ikiita naimba mimi."

Rugamba aliweka kijiko chini polepole. Mukunde alimwona anatafuta uongo wa kusema, akamwona pia anachoka kuutafuta.

"Sikiliza, Mukunde. Ilikuwa mchezo tu. Niliwatumia marafiki siku moja, wakacheka, basi..."

"Kila jioni?"

"Wewe ndiye ulikuwa unatuma kila jioni!"

"Uliniomba."

"Niliomba, ndiyo. Ulitaka nikwambie nini? Kwamba unapiga vibaya? Kwamba mwanamke wa umri wako anaanza inanga na watu wote wanaona haya isipokuwa yeye? Nilikuwa nakuhurumia."

"Na Trinah? Naye unamhurumia?"

Rugamba akaisogeza sahani pembeni. Kisha akasema lile ambalo Mukunde alilibeba kwa muda mrefu baadaye.

"Trinah nampenda. Wewe mama alikuhitaji."

Mukunde aligeuka kwa mama. Alitegemea kuona mshangao. Alitegemea huyu mwanamke ambaye yeye ndiye alimwogesha na kumshika mkono kila sindano ilipoingia, atamwinukia mwanawe na kumfokea. Mama Nyirarukundo alikuwa anakunja pindo la blanketi, anakunja, anakunjua.

"Mama, ulijua?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Ulijua?"

"Nilijua," mama akasema. "Huyo binti anakuja hapa siku ambazo wewe uko dukani. Nilinyamaza. Ningefanyaje? Ningesema, ungeondoka. Ungeondoka, nani angenipeleka? Rugamba hawezi hata kuona damu. Nina mwili unaokufa, Mukunde. Mtu wa namna hiyo hachagui."

"Ulikuwa unaniambia napiga kama baba yako."

Mama akafumba macho. "Baba yangu angekunyang'anya hiyo inanga."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mukunde zaidi. Alisimama pale akatafuta machozi, hayakuja. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa nyumba ile, akauweka karibu na sahani ya Rugamba.

"Jumanne na Ijumaa," alisema. "Saa moja asubuhi awe ameshafika, akichelewa wanampa mtu mwingine kitanda. Asile ndizi, asile parachichi. Akianza kutetemeka mfunike miguu kwanza. Mwambie Trinah."

"Mukunde, usifanye hivyo! Huyu ni mgonjwa!"

"Najua. Nimekuwa naye."

"Kwa hiyo unamwadhibu mama kwa kosa langu?"

"Mama ana mtoto," Mukunde akajibu, akatoka. Nyuma yake alimsikia mama akiliita jina lake, mara ya kwanza kwa amri, mara ya pili kwa kubembeleza. Alisikia zote mbili. Akawasha gari.

Siku chache baadaye simu yake ilijaa ujumbe. Wa Rugamba: *Mama anakataa kula. Roho yako iko wapi?* Wa namba asiyoijua: *Mimi ni Trinah. Sikujua kama ni wewe pale saluni, lakini siombi msamaha. Ulidhani kweli atakuoa?* Na sauti ya mama mwenyewe, imerekodiwa kwa pumzi fupi: "Mwanangu, nimechelewa leo. Wamenirudisha. Rugamba alilala. Njoo tu Ijumaa, hata usiongee na mimi."

Mukunde aliisikiliza ile sauti ameketi kwenye stoo ya duka, katikati ya maboksi ya dawa. Alinyanyuka, akachukua funguo za gari, akafika mlangoni, akarudi akaketi. Aliwapigia wauguzi anaowajua, akawasihi wamwekee mama nafasi hata akichelewa. Wakakubali. Yeye mwenyewe hakwenda. Usiku hakulala vizuri, na hakumwambia mtu.

Siku ya somo alimpelekea Bigirimana inanga yake, imefungwa kwenye kitenge.

"Naacha, mwalimu. Mpe mwanafunzi mwingine."

"Kwa nini?"

Akamweleza yote, saluni, grupu, mama. Alitarajia pole. Bigirimana alimsikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

"Kwa hiyo walikudanganya kwamba unapiga vizuri."

"Ndiyo."

"Mimi nilikudanganya?"

"Hapana. Wewe ulinitesa."

"Bon. Sasa unajua nani alikuwa anakusikiliza." Akakifungua kile kitenge, akaitazama inanga, akagusa uzi mmoja. "Uliipiga kwa ajili ya Rugamba. Sasa hayupo, na wewe huna sababu. Hilo naelewa. Iache hapo, kuna mtu anaisubiri."

Mukunde akageuka aondoke. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Nani anaisubiri?"

"Kwani inakuhusu?"

Mukunde akakiachia kitasa. Wivu ulimpanda, wivu wa ajabu, ule ambao hakuusikia hata alipomwona Trinah. Kwamba kuna vidole vingine vitakaa pale vyake vilipotoka malengelenge. Akarudi, akakaa, akaipakata.

Alipiga kwa nguvu, meno yamebanana, hadi uzi ukalia vibaya.

"Acha," Bigirimana akasema. "Nyuzi hazimjui Rugamba. Usizipige kana kwamba zimekukosea."

"Nina hasira."

"Hasira itakufikisha wiki mbili tatu. Ikiisha utafanya nini?"

Alisema kweli. Hasira ilimwamsha alfajiri kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akaamka haipo, na inanga ikawa ubao tu. Hakuna wa kumtumia, hakuna wa kumwita malkia. Hiki ndicho kipindi kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kigumu kuliko saluni. Alikaa nayo kabla ya kufungua duka, mara nyingine dakika chache tu, mara nyingine bila kupiga, ameipakata basi, kahawa inapoa. Alijichukia, akaichukia inanga, kesho akakaa tena. Aliacha kujirekodi. Kosa likitokea hakumwomba mtu msamaha, alirudi tu pale lilipotokea.

Kisha asubuhi moja, kwenye ule mpando ambao sauti yake ilikuwa ikikatika kila siku, vidole na sauti vilipita vyenyewe. Alishtuka akasimama. Akarudia, vikapita. Alikaa jikoni peke yake akacheka kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kumwambia, na hakumtafuta.

"Leo?" aliuliza kwa Bigirimana jioni ile, baada ya kupiga wimbo mzima.

Mwalimu alifikiri.

"Leo sio vibaya."

Mukunde alilia njia nzima kurudi Kagarama, na safari hii hakuona aibu.

Mwaka uliofuata Bigirimana alimwingiza kwenye kundi lake la wapiga inanga wanaoalikwa kwenye harusi. Mukunde alikaa wa mwisho kushoto, akipewa sehemu ndogo, akikosea mara mojamoja. Jumamosi moja walialikwa ukumbi mmoja wa Kicukiro. Alipoona majina kwenye bango la maua mlangoni, aliyasoma mara mbili.

*Trinah na Rugamba.*

"Ulijua?" alimuuliza Bigirimana.

"Nilijua tangu juzi."

"Ungeniambia!"

"Ungekuja?"

Mukunde aliikaza inanga kwapani. Akaingia, akakaa wa mwisho kushoto, akapakata.

Maharusi waliingia. Trinah alimwona kwanza. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yakatangatanga, na alipomvuta Rugamba mkono, Rugamba naye akaona. Bigirimana akaanza. Sehemu ya Mukunde ilipofika aliinua sauti ile ya chini, ikapanda, ikapita pale pa kukatikia, ikashuka.  Meza za nyuma, wale wa grupu, aliwajua kwa namna walivyotazama sahani zao. Hakuna aliyecheka.

Mama Nyirarukundo alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, amekonda hadi gauni limemmeza. Alielekeza sikio, akafumba macho, kichwa kikafuata wimbo polepole. Machozi yalimtoka. Mukunde aliyaona, roho ikamvuta, akamaliza sehemu yake bila kukosea.

Watu walipoanza kula, Rugamba alimfuata nyuma ya jukwaa. Suti ilikuwa nzuri. Uso ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Umekuja kulipiza kisasi?"

"Nimekuja kupiga inanga."

Akasogea karibu, akapunguza sauti. Bwana harusi, ua kifuani, anatazama nyuma kama mwizi.

"Mukunde, Trinah hataki kumpeleka mama. Anasema harufu ya hospitali inamtapisha. Kazini wamenionya kwa kuchelewa. Na mama amekusikia leo, hakuna kingine anachosema. Tafadhali. Wiki ijayo tu, mara moja."

Mukunde alimtazama. Kisha akatazama kule mbele, kwa mwanamke mzee ambaye mkono wake ulikuwa umeinuliwa, unamwita. Alimpungia. Akaifunga inanga yake kwenye kitenge, akalikaza fundo.

"Wiki ijayo nina mazoezi."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima."