Kikapu cha Sita

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote kabla ya kwenda shule, Nyamoita aliingia shambani na mama yake kuchuma majani chai. Alianza mstari wake kwa kasi ya ajabu. Mikono yote miwili ilicheza juu ya michai, ikikwanyua majani mawili na kichipukizi chake na kuyatupa kikapuni mgongoni bila yeye kugeuka. Mgeni angemwona wakati huo angesema huyu ni mchumaji hodari. Lakini hata kabla hajafika katikati ya mstari, alimwona kinyonga, akamfuata. Alipomchoka kinyonga akakumbuka kuwa mapera ya mpakani yameiva. Mama alipoinua kichwa, aliona kikapu cha bintiye kimewekwa chini, mwenyewe hayupo.

"Nyamoita wee! Huu mstari unamwachia nani?"

"Nakuja, Mama!"

"Unakuja kutoka wapi? Si ulikuwa hapa sasa hivi?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Uvivu hakuwa nao, na asingeweza kukaa kitako hata kwa dawa. Tabu yake ilikuwa kumaliza. Alianza kufuma kitambaa cha meza, kikaishia ukubwa wa sahani ya chai. Alijiunga na kwaya ya kanisa, akajua ubeti wa kwanza wa kila wimbo na hakuna zaidi. Wenzake wa gredi ya saba walikuwa wamempa jina: Nusu. "Nusu, umefika?" "Nusu, leo utakula chakula chote au nusu?" Yeye alicheka pamoja nao, lakini jina hilo lilimchoma moyoni, na kila lilipotajwa alitamani kufanya jambo moja kubwa, alifikishe mwisho mbele ya macho ya watu wote.

Jambo hilo alilipata katika mchezo wa visahani.

Mchezo huo uliletwa shuleni kwao, karibu na Kebirigo, na Mwalimu Makori. Ni gofu, lakini badala ya mpira na fimbo, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kwenye kikapu cha chuma. Kikianguka njiani, hukifuata na kukirusha tena kutoka hapo kilipoangukia, mpaka kiingie. Fundi wa kuchomelea vyuma wa pale sokoni aliwatengenezea vikapu tisa kwa rimu za baiskeli, na juu ya kila kikapu akaning'iniza minyororo mikuukuu ya baiskeli ili ikizuie kisahani kisipitilize. Uwanja wenyewe ulianzia madarasani juu ya kilima, ukashuka kando ya mashamba ya chai hadi kwenye kijito, kisha ukapanda tena kupitia kwenye mikaratusi. Aliyefanya mzunguko mmoja alijua miguu ni ya nini.

Kila mwaka palikuwa na siku ya ustahimilivu. Mchezaji mmoja aliruhusiwa kuzunguka tangu jua linapochomoza mpaka linapojificha nyuma ya kilima cha Manga. Haruhusiwi kuketi. Akila, ale akitembea. Na akiruka kikapu kimoja tu, raundi nzima imekufa. Rekodi ilikuwa ya Obwocha, kijana aliyekwisha kwenda shule ya upili: raundi thelathini. Nyamoita aliposema mwaka huu atajaribu yeye, darasa zima liliangua kicheko.

"Nusu atafanya kumi na tano!" mmoja alisema.

Nyamoita hakucheka nao siku hiyo.

"Nitaivunja," alimwambia rafiki yake Sheila wakielekea nyumbani. "Halafu tuone nani ataniita Nusu."

Siku ilipofika ilikuwa Jumapili, kwa maana wengi wao walikuwa Wasabato, na Jumamosi walikuwa kanisani. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Mwalimu Makori aliweka shahidi kwenye kila kikapu. Watu wa vilima hivi wamezoea kuitana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mtu akimtaka jirani, hutuma sauti kwanza na miguu baadaye. Kwa hiyo mwalimu alitumia desturi hiyohiyo. Shahidi akishaona kisahani kimeingia, apaze sauti, wa kikapu kinachofuata aipokee, na ipande hivyo mpaka juu, ambako yeye mwenyewe alikaa na kamba ya mgomba. Kila raundi iliyokamilika, alifunga fundo moja.

Sheila alipewa kikapu cha sita, kule chini kabisa kando ya kijito.

Nyamoita alianza kama mtu anayefukuzwa. Raundi ya kwanza, ya pili, zote zilikwenda vizuri. Katika raundi ya tatu ukungu ulizidi, manyunyu yakaanza, na Sheila akajibanza chini ya mgomba uliokuwa hatua kadhaa kutoka kwenye kikapu. Nyamoita alirusha kisahani kwa kukisia tu. Minyororo ikalia: charaa!

"Sita kimeingia!" Sheila alipaza sauti kutoka chini ya mgomba.

"Sita kimeingia!" wa saba akaipokea. "Sita kimeingia!" ikasikika juu zaidi.

Nyamoita alifika mbio, akatumbukiza mkono kikapuni. Kilikuwa kitupu. Kisahani kilikuwa kimegonga minyororo kikarudi nje, kimelala kwenye nyasi zilizolowa karibu na mguu wa kikapu. Ilibaki kukirusha mara moja tu, mrusho ambao hata mtoto wa chekechea asingeukosa. Lakini sauti ilikwisha kupanda kilima, na kuirudisha sauti iliyokwisha pokewa na watu wote wale ni kazi. Watauliza nani alikosea. Wataanza kubishana, na jua halingoji. Mkono wake uliokota kisahani kabla akili haijaamua lolote, na miguu ikashika njia ya kikapu cha saba.

"Buya mono!" Sheila alimshangilia kwa Kigusii. Vizuri sana!

Hapo ndipo raha ya mchezo ilipomtoka.

Alijaribu kujisahaulisha. Alijiambia kwamba kisahani kiligusa minyororo, na kugusa ni karibu sawa na kuingia. Hakuweza kujisadikisha. Alijiambia atalizungumza baadaye. Lakini kila alipozunguka alilazimika kushuka tena kijitoni, na kikapu kile cha sita kilimngoja palepale, na kila mara kisahani kilipoingia kwa haki minyororo ililia kama inayomcheka. Ukungu ulipoondoka alianza kukitazama kwa jicho la pembe. Alikula ndizi mbivu akitembea na hakusikia ladha yake. Wenzake waliokuja kumzomea walianza kumshangilia, "Nyamoita! Nyamoita!" na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema Nusu. Jambo alilolitamani mwaka mzima lilikuwa limefika, na yeye hakupata nafasi ya kulifurahia.

Alasiri wingu jeusi liliinuka ghafla, kama kawaida ya huku kwetu. Radi moja ilipopiga, Mwalimu Makori alipuliza kipyenga kwa nguvu.

"Wote verandani! Radi hupenda chuma, na hakuna rekodi ya kufia!"

Mvua ya mawe ikamwagika juu ya mabati. Nyamoita hakuruhusiwa kuketi, kwa hiyo alisimama akihamisha uzito mguu huu hadi ule, akikunjakunja vidole. Sheila alimletea uji kwenye kikombe.

"Mbona unahangaika hivyo? Muda bado upo."

Nyamoita alichungulia kushoto na kulia. "Sheila, ile raundi ya ukungu. Kisahani hakikuingia."

"Ipi?"

"Ya tatu. Ulisikia minyororo ukasema kimeingia. Mimi nikakikuta kwenye nyasi."

Macho yakamtoka Sheila. Aliangalia mvua, kisha akanong'ona kwa haraka, "Aki Nyamoita, nyamaza tu. Watasema nililala kazini. Mwalimu atanitoa kwenye timu. Na wewe je? Umefika hapa, unataka uitwe tena lile jina?"

Nyamoita alikizungusha kikombe mkononi. Uji ulimshinda kunywa.

Mvua ilipokatika ilikuwa imekula muda mwingi. Vijia vilijaa mawe meupe ya barafu na utelezi. Nyamoita alijifunga kibwebwe. Alianguka, akainuka, kisigino kilichubuka, akakaza mwendo. Mama yake alifika kutoka kwenye kituo cha majani chai, kikapu kitupu bado kimening'inia begani, akasimama kando ya Obwocha, ambaye alikuja kuiaga rekodi yake. Jua lilipokuwa likiukaribia mgongo wa Manga, Nyamoita aliifikia rekodi. Jua likiwa limebaki ukingo tu, akarusha kisahani kwenye kikapu cha tisa, na minyororo ikalia.

Mwalimu Makori alikaza fundo la mwisho na kuinyanyua kamba juu. "Thelathini na moja!"

Kilima kizima kililipuka kwa vigelegele. Obwocha alimpa mkono, Mama alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa leso. "Kumbe unaweza kumaliza, mwanangu! Kumbe unaweza!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomshinda Nyamoita. Angeweza kuvumilia sifa za wengine wote, lakini si hizo.

"Sijamaliza," alisema.

"Nini?"

"Mama, sijamaliza." Alimgeukia mwalimu. "Mwalimu, fungua fundo moja. Raundi ya tatu, kikapu cha sita, kisahani kiliangukia nje. Nilikiona. Nikakiokota nikaenda zangu."

Watu waligeukiana. Mtoto mmoja huko nyuma alitamka "Nusu" kwa sauti ndogo, akafinywa na mwenzake. Nyamoita alisikia masikio yakiwaka moto. Akafungua mdomo kuongeza neno, lakini Sheila alikuwa amekwisha jipenyeza mbele.

"Mwalimu, ni mimi niliyeita. Sikuona. Nilikuwa nimejikinga manyunyu chini ya mgomba, nikasikia minyororo tu. Na aliponiambia, nikamkataza asiseme."

Mwalimu Makori aliwatazama wote wawili. Kisha akakaa kwenye jiwe, akaanza kulifungua fundo la tatu kwa kucha zake, taratibu, mbele ya watu wote. Lilipofunguka, kamba ilibaki na kikunyanzi pale lilipokuwa. Manga ilikuwa imelimeza jua. Raundi nyingine haikuwezekana tena.

"Thelathini," alisema. "Sawasawa na Obwocha. Rekodi haikuvunjwa."

"Basi tumekuwa wawili," Obwocha alisema, akaushika tena mkono wa Nyamoita. "Nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu."

Nyamoita alitaka kulia, na akalia. Lakini katikati ya machozi aliona ajabu moja: miguu yake, iliyokuwa ikihangaika kutwa nzima, ilikuwa imetulia.

"Njoo hapa, Nyamoita," Mwalimu Makori alisema. "Na wewe, Sheila. Nimekutazama siku nzima, Nyamoita. Ulizunguka kilima hiki ukiwa na wasiwasi kama kuku aliyepoteza vifaranga, nikadhani ni uchovu. Sasa nimejua. Miguu yako ilifanya raundi zote hizo, lakini wewe mwenyewe hukutoka kikapu cha sita. Ulikuwa umekwama pale tangu asubuhi. Jambo la kisahani kuanguka halikuwa kosa. Hutokea kwa kila mchezaji. Ungesema palepale, lingekugharimu mrusho mmoja. Ulipolificha, likakugharimu raundi nzima na furaha ya siku yako yote. Na wewe, Sheila, ukiwekwa kuwa shahidi, usiseme ulichosikia. Sema ulichoona. Watu wote wa kilima hiki waliamini neno lako."

"Samahani, Mwalimu," Sheila alisema, kichwa chini. "Utanitoa kwenye timu?"

"Nitamtoaje mtu aliyejitokeza mwenyewe? Lakini wiki nzima utakusanya visahani vyote baada ya mazoezi." Kisha akamgeukia Mama. "Mama Nyamoita, una neno?"

Mama alikuwa akimwangalia bintiye kama aliyekutana naye leo. "Neno langu ni dogo," alisema. "Kuna kazi huko chini haijamalizwa. Aende akaimalize, giza halijaingia."

Basi walishuka wote, wale waliocheka na wale walioshangilia, wakiteleza juu ya mabaki ya mvua ya mawe mpaka kijitoni. Nyamoita alisimama kwenye nyasi palepale kisahani kilipokuwa kimelala asubuhi. Mrusho huo haukuhesabiwa popote, na kila mtu alijua hivyo. Alivuta pumzi, akarusha. Minyororo ikalia.

Wote walimgeukia Sheila. Sheila hakupaza sauti. Alisogea mpaka kwenye kikapu, akainama, akachungulia ndani, akaingiza mkono na kukigusa kisahani. Ndipo akainua kichwa kuelekea kilimani.

"Sita kimeingia!"