Shimo Chini ya Kitanda cha Wivine

Siku Wivine alipokutana na Stany, mkononi alikuwa na kitenge kilicholiwa. Alikibeba kama mtu anayebeba nguo za marehemu, akapita nacho katikati ya soko la Kolwezi, akiwapenya wabeba magunia na wauza samaki wakavu, mpaka kwenye meza ya dawa za wadudu. Mwenyewe alivaa vizuri: nguo ya kijani yenye ndege wa njano, kilemba cha rangi hiyo hiyo, hereni zinacheza. Hakutaka watu wajue kwamba muuza vitenge analiwa mali na mchwa. Lakini alipokikunjua mbele ya muuza dawa, jua lilipenya kitambaa kama chekeche.

"Chukua ile ya poda, mama," muuza dawa akasema. "Mwaga ku pembe zote. Batakufa."

"Batakufa batoto tu," sauti ikasema nyuma yake. "Mama yabo iko chini, anaendelea kuzaa."

Wivine akageuka. Alimwona mwanaume mrefu, shati la mistari limepauka mabegani, viatu vimeiva kwa vumbi jekundu la barabara.

"Na wewe ni muganga wa mchwa?"

"Hapana, mama. Mi ni shofere. Naleta unga toka Lubudi. Lakini kwetu mu mashamba, mutu wa kuua mchwa moja moja tunamuitaka muvivu."

"Basi njo wewe ulikula bitenge byangu. Maneno yako ni mingi kama yabo."

Muuza dawa akacheka mpaka akashika meza. Stany naye akacheka, na Wivine akaona kwamba mtu huyu akichekwa hakasiriki. Alinunua poda, na namba yake ya simu akampa Stany vilevile. Alijiambia ni kwa ajili ya mchwa.

Nyumba aliyopanga ilijengwa wakati wa Wabelgiji. Matofali mekundu, mabati yenye kutu, dari la mbao ambalo panya walikimbizana juu yake, mende nyuma ya makaa. Hayo alikuwa ameyazoea. Panya unamwekea mtego, mende unampiga kiatu. Mchwa ni habari nyingine. Wanajenga njia zao za udongo ukutani wewe ukiwa misani, ukirudi wamefika kwenye sanduku.

Mwenye nyumba, mzee aliyeitwa tata Ntambwe, aliishi kwenye nyumba ndogo ya uani. Yeye hakujali mchwa. Alijali sakafu. Kila mwisho wa mwezi aliingia na fimbo yake, akagonga sima, saruji ya chini, chumba kwa chumba, kichwa kimeinama, anasikiliza kama chini kuna utupu. Kolwezi huo si wazimu. Kuna wapangaji wanaotundika pazia zuri dirishani, wanasalimia majirani, na chini ya kitanda wanachimba madini ya kobalti. Nyumba inabaki imesimama juu ya hewa.

Wivine aliyajua hayo kwa ngozi yake. Katika nyumba ya kwanza alikaa na mwanaume, Papy, aliyemwimbia kila asubuhi na kuchimba kila alipokwenda sokoni. Siku kitanda kilipozama mguu mmoja, Papy alikuwa ameshaondoka na mawe yake. Aliyetupwa nje na masufuria yake, majirani wakitazama, ni Wivine.

Alimweleza Stany habari hiyo mapenzi yalipokuwa yameiva, kiangazi kikiwa katikati. Stany naye alimweleza yake. Alikuwa mchimbaji zamani, yeye na mdogo wake Kalumba. Udongo ulianguka, Kalumba akabaki chini. Tangu siku ile Stany hakuingia tena shimo linalopita magoti.

Wivine alipokwenda Dilolo, mpakani, kununua vitenge vya Angola, alimwachia ufunguo ili amwage poda. Simu ikalia akiwa bado barabarani.

"Sheri, mchwa banakusalimia."

"Uwaambie sirudi kwa ajili yabo."

"Juu ya nani basi?"

"Ya kitanda yangu."

"Ah! Kitanda inanipita?"

"Kitanda haikoromake."

Stany alicheka, kisha sauti yake ikashuka. "Ukirudi nitakuonyesha kitu. Apo apo ku kitanda."

"Nini?"

"Utaona."

Upande wa Angola walikuwa na sikukuu, mpaka umefungwa. Wivine akapanda lori la kurudi bila kumwambia, apate kumshtua.

Aliyeshtuka ni yeye. Kitanda kilisukumwa ukutani. Sima ilikuwa imevunjwa. Gunia limesimama mlangoni, limejaa udongo, na Stany alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, bila shati, jasho linamtoka, mikono inamtetemeka, anakwangua kwa jembe fupi.

"Wivine! Ngoja, nilitaka..."

"Toka."

"Sikiliza kwanza."

"Papy pia alilomba nimusikilize kila asubuhi. Toka mu nyumba ya batu!"

"Unaniita Papy?"

"Papy aliimba muzuri kukupita."

Stany akatoka shimoni polepole, kama mgonjwa. Aliweka ufunguo juu ya meza, akavaa shati lake ndani nje, akaenda.

Alipiga simu jioni ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Wivine aliitazama simu ikilia mpaka inanyamaza. Kisha Stany akaacha kupiga, na hapo ndipo nyumba ilipokuwa kimya kweli. Aliburuta kitanda juu ya shimo, akakitandika vizuri, akalala hapo. Mtu aliyelala juu ya shimo hapati usingizi. Anapima tu uzito wake.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, hofu ya fimbo ya mzee ikamwinua. Akaamua udongo ule aurudishe shimoni. Alilishika gunia kwa nguvu zake zote, likanyanyuka upesi mpaka nusura aanguke. Akasimama akilishangaa. Udongo wa Papy ulikuwa mzito kama chuma, mweusi, unaacha rangi viganjani wiki nzima. Akafungua kamba. Ndani mlikuwa na vipande vyepesi vyenye matundu, kama mkate uliokauka, na mchwa wachache wakikimbia huku na huku.

Alikaa chini sakafuni. Kisha akapiga simu.

"Allô."

"Ni mi."

"Nayua."

"Stany, nimefungua gunia."

Injini ya lori ilinguruma upande wa pili, ikazimwa. "Uliona nini?"

"Nyumba ya mchwa. Juu ya nini hukuniambia?"

"Ungeniacha nivunje sima?"

"Hapana."

"Njo ivyo. Apo mi nilikosa. Nyumba ya mutu haivunjwake bila kuuliza. Kufukuzwa, sawa. Lakini nilikuambia habari ya Kalumba. Ukanikuta mu shimo mpaka kifua, natetemeka kama mutoto, juu ya bitenge byako. Na ukaniita Papy."

Wivine neno pole aliliona dogo, kama kitambaa cha mkono kwa mtu aliyelowa mvua.

"Siombi uingie tena," akasema. "Uje unionyeshe tu. Nitaingia mi."

Alikuja. Wivine alivaa nguo yake ya zamani, akafunga kitambaa kichwani, akashuka shimoni na jembe. Stany akakaa ukingoni, akimmulika kwa simu, akimwelekeza: kushoto, fuata ile njia, polepole. Kila udongo ulipoporomoka kidogo alimshika bega, na Wivine akaelewa ni hofu gani mtu huyu alikuwa ameibeba mpaka humu chumbani mwake.

Jembe likagonga kitu kigumu. Likatoka bonge la udongo, gumu kama tofali. Stany akalipasua kwa nyundo. Ndani, kwenye chumba kisicho na mlango wa kumpitisha, alilala mama wa mchwa wote: mweupe, mnene kama kidole gumba, hawezi kutembea. Pembeni yake alisimama mwingine, mdogo, mweusi.

"Na huyu mudogo?"

"Bwana yake. Banabafungiaka pamoja. Hatokake."

"Hata kutafuta kobalti?"

"Hata kununua sigara."

Walicheka, kisha Wivine akatazama tena. Kwa mara ya kwanza aliwahurumia waliomlia mali.

"Wivine," Stany akasema, "nimechoka kulala mu lori."

"Unalomba chumba?"

"Nalomba bibi."

"Mu shimo, Stany? Na udongo ku nywele?"

"Njo pahali naogopa kupita pote. Nikikulomba apa, uyue ni kweli."

Wivine akamnyoshea mkono. "Unitoe kwanza."

Akamtoa. Jibu Wivine hakumpa. Kuku wa tata Ntambwe walipata karamu, shimo likajazwa mawe, sima ikamwagwa, ikakauka.

Mzee alikuja na fimbo yake mvua za kwanza zikigonga mabati. Aligonga sebule, akagonga jikoni, akafika chumbani. Kwenye kiraka kipya akasimama.

"Apa kulikuwa nini?"

"Mchwa, tata. Tulivunja bila kukuuliza. Utusamehe. Tulitoa mama yabo, tukafunga."

Mzee aligonga, akainamisha kichwa, akagonga tena. Kisha akaielekeza fimbo mlangoni, aliposimama Stany, mikono bado ina madoa ya sima.

"Na huyu? Mi nilipangisha mutu moja."

"Huyu anaenda Jumapili kuona baba yangu," Wivine akasema. Stany mwenyewe alikuwa anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. "Kama una mashaka, tata, umugonge naye."

Mzee hakucheka. Alimsogelea Stany, akamgonga kifuani kwa fimbo, taratibu, akainamisha kichwa kama kawaida yake, akasikiliza.

"Hakuna utupu," akasema, akaendelea na chumba kingine.