Fundi Asiyesifia Picha

Ilikuwa saa sita mchana katika duka la vifaa vya ujenzi, watu wamebanana kaunta wakigombea misumari na rangi, mwalimu mmoja wa kike alipoomba gundi ya mbao. Alivaa gauni la rangi ya chungwa lenye doa la buluu mfukoni. Mkononi alishika picha ya daraja, aliyoichora mwenyewe kwa rangi za maji, akitaka kuibandika kwenye ubao.

"Dada, ukiipaka gundi hiyo, mwaka hauishi itakuwa njano," alisema mwanamume nyuma yake, penseli sikioni, mbao nyembamba begani.

"Na wewe nani, daktari wa picha?"

"Fundi fremu tu."

Ndivyo walivyojuana. Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa. Huko mwalimu alimtazama akikata kadi nyeupe na kuiacha wazi katikati, ili kioo kisiguse karatasi, maana rangi ya maji ikipata unyevu hunata kwenye kioo. Picha aliishika kwa ncha za vidole.

Miezi mitano ikapita. Picha zikawa tatu, na simu za asubuhi na jioni hazina idadi. Walishaanza kuitana mpenzi. Jambo moja tu lilimkera mwalimu: kila akimuuliza picha anaionaje, fundi alijibu habari za kioo.

Katika ya nne mwalimu alimchora marehemu mama yake akianika shuka. Ilimchukua wiki tatu. Alimwambia dada yake kwamba kwa hii lazima mtu atasema neno. Fundi aliitazama sana karibu na dirisha, kisha akasema fremu ya kahawia itaifaa.

Mwalimu akachukua picha yake, akashuka ngazi. Siku tisa hakupokea simu. Alimwambia dada yake hawezi kuolewa na mtu anayeona mbao tu. Dada akajibu afadhali aone mbao kuliko wanawake wa watu. Mwalimu hakucheka.

Siku ya kumi alipokea, ili amalize maneno.

"Sema upesi, nina madaftari ya kusahihisha."

"Mkono wa kushoto wa mama uliurudia kabla rangi haijakauka, ukaharibika," alisema fundi. "Lakini ile shuka hukuichora. Umeacha karatasi nyeupe tu, na upepo unaonekana. Sijaona mwingine aliyethubutu hivyo."

Mwalimu akaitazama picha. Kuhusu mkono, ilikuwa kweli.

"Siku ile ulishindwa nini kusema?"

Fundi akaeleza kwamba mjomba aliyemfundisha kazi aliwahi kumsifia mchoraji mmoja mbele ya mchoraji mwenzake, wakagombana, akawapoteza wateja wote wawili. Tangu hapo akamwapisha mpwa wake asitoe neno juu ya picha ya mteja, zuri wala baya.

"Kwa hiyo leo umevunja kiapo."

"Sijavunja. Mteja simwambii. Mke ningemwambia kila siku."

"Hata nikiharibu?"

"Ukiharibu ndiyo zaidi."

Mwalimu alisogeza madaftari pembeni. Akamwambia aje jioni amwone dada yake, na avae shati lisilo na vumbi la mbao.