Hereni Kwenye Sahani ya Soseji

Aizirek alikuwa ametumbukiza mkono ndani ya ndoo ya kwato mpaka kwenye kiwiko, akipumua kwa mdomo ili asisikie harufu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Soko la Osh, hapo Bishkek, ule upande wa nyama ya farasi ambako sakafu haikauki hata siku moja. Wanunuzi walimpita wakimsukuma. Koti lake jekundu, la pekee lenye vifungo vyote, lilikuwa limelowa majimaji yenye nywele.

"Dada, unatafuta viatu?" sauti ilimwuliza juu ya kichwa. "Unavaa namba ngapi?"

Alitazama juu. Mwanamume mrefu, koti la sufu, kiatu kimepigwa rangi kama cha bwana harusi. Alikuwa anatafuna kipande cha soseji alichoonjeshwa kwenye ncha ya kisu, na mafuta ya njano yalikuwa yanamteremka kidevuni.

"Natafuta maiti," Aizirek alisema. "Na huenda wewe ndiye unayeitafuna."

Mtu yule akaacha kutafuna. Akameza kwa shida, akachomoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na badala ya kujifuta kidevu akampa yeye ajifute mkono. Jina lake Kubat. Kitambaa hakikurudi, na mwenyewe hakukidai.

Kwato zile Aizirek alikuwa na sababu ya kuzichakura. Pembeni ya mji alikuwa na kituo cha farasi waliochoka, waliovunjika kwenye mbio au waliochakazwa kwenye mchezo wa kugombea mbuzi, ambao wenye mali walikuwa wanawapeleka moja kwa moja kwa mchinjaji. Aliwatibu, akawatafutia nyumba. Kila aliyechukua farasi alitia sahihi mambo matatu: sitamchinja, sitamuuza, sitampa mtu. Watu walitia sahihi wakicheka. Wawili walikwisha kuwala. Ndiyo maana kila farasi aliondoka na nyota ndogo iliyochomwa kwenye ukwato wa mbele, na kila Jumamosi Aizirek alikwenda kuchungulia ndoo.

Nyumbani kwa mama yake, Sonun, walikuwa wanne: bibi, yeye, na mabinti zake wawili, Sezim na Aruuke, ambao baba yao alikwenda Urusi kutafuta kazi akapata na mke. Mashati ya shule yalinuka samadi. Dawa ya minyoo ya farasi ilikaa kabatini ubavuni mwa siagi. Kubat, ambaye tangu siku ile ya sokoni alikuwa amekuwa mpenzi wake, akipiga simu, alipiga katikati ya vurugu hiyo.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Nakamua jipu la kwato. Usaha umenirukia kwenye nyusi."

"Loo, una maneno matamu wewe."

"Sezim! Toa hicho kijiko mdomoni, ni cha farasi! Eh, ulikuwa unasema?"

"Nakutegea kitendawili. Ana miguu minne, anakula kuliko ukoo wangu mzima, na kila asubuhi mpenzi wangu anamchana nywele, mimi hajawahi."

"Nenda kwa kinyozi, Kubat!"

Alicheka mpaka jipu likamponyoka.

Majira ya kuchipua yalipofika Aizirek alimpa Kubat farasi aitwaye Airan. Alikuwa jike wa kijivu, rangi ya maziwa ya mgando yaliyotiwa maji, kilema wa mguu mmoja, na Aizirek alimpenda kuliko wote. Angekaa kwa mama yake Kubat, Mama Batma, mwenye zizi mwisho wa mji. Aizirek alimshonea hatamu ya ngozi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikimkuta mezani, usinitafute tena," alimwambia Kubat.

"Mezani tena! Nitamweleza mama kila kitu. Na kwamba wewe huli farasi, nitamwambia."

Alisema hivyo ameshika sikio la Airan, kama mtu anayekula kiapo.

Ikaja siku ya kuvishwa hereni, ambayo mama wa mwanamume humkubali mchumba mbele za watu. Aizirek alivaa gauni la hariri ya buluu na kitambaa cheupe kichwani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakunuka zizi. Kwenye lango la Mama Batma kulikuwa na ngozi mbichi imetandazwa, manyoya chini, nyama juu, imepakwa chumvi na nzi wametulia juu yake kama zabibu. Akapitia zizini kwanza. Palikuwa pamefagiliwa. Hatamu nyekundu ilining'inia kwenye msumari, tupu.

Akajiambia, labda yuko malishoni. Akaingia ndani.

Mama Batma alimvisha hereni za fedha, akambusu mashavu yote mawili kwa midomo iliyoteleza mafuta. Kisha ikaletwa sahani kubwa: utumbo uliojazwa nyama, umekatwa vipande vinene, mafuta yakitetemeka.

"Kula, mwanangu. Hii si ya sokoni. Tumechinja wenyewe, juzi, kwa ajili yako."

Kipande kilikwisha kufika mdomoni, maana mama mkwe ndiye aliyekitia. Kilikuwa cha moto, laini, na kitamu. Huo utamu ndio uliommaliza. Akatapika palepale, juu ya kitambaa cha meza, mbele ya mashangazi tisa. Akazing'oa hereni masikioni, akazitupa kwenye sahani ya soseji, akatoka mbio. Mlangoni aligongana na Kubat aliyebeba mikate.

"Aizirek! Kuna nini?"

"Muulize mama yako alichonilisha! Walaji wakubwa nyie!"

Kubat alisikia mama yake akitukanwa, akaona kitambaa cha meza cha mama yake kimetapikiwa. Hakumfuata.

Aizirek hakwenda nyumbani. Aliwapitia mabinti shuleni, akajifungia kituoni, wakalala kwenye chumba cha majani. Kila alipokumbuka kile kipande alisugua ulimi kwa chumvi. Kila alipokumbuka kwamba kinywa cha Kubat amekibusu, alisugua tena. Kubat hakupiga, na hilo lilimuuma kuliko alivyopenda. Mama yake, Sonun, alipiga mara kumi na tisa. Hakupokea hata moja, maana alijua ataambiwa akaombe radhi.

Siku ya tatu Aruuke alimletea simu yake ndogo. "Bibi katuma sauti. Amekasirika kweli."

"Mwambieni mama yenu aje amtoe huyu mnyama!" Sonun alifoka ndani ya simu. "Amekula pazia langu la jikoni! Amekunya kwenye vitunguu!" Na nyuma ya sauti yake farasi akalia, mlio mfupi wa kukwaruza ambao Aizirek angeutambua hata usingizini.

Alimkuta Airan uani kwa mama yake, kamba ya katani shingoni, pazia la lesi likimning'inia mdomoni kama ndevu.

"Batma alimleta asubuhi ileile ya hereni, mama kwa mama," Sonun alisema. "Malipo ya maziwa niliyokunyonyesha. Bibi harusi haambiwi, ni shani yake akirudi. Wewe ukarudi?"

"Na hatamu? Niliiona tupu msumarini!"

"Kwani umezaliwa wapi, mwanangu? Nani anatoa farasi na hatamu yake, bahati ya nyumba iondoke nayo?"

Aizirek alikaa chini, pembeni ya mavi. Alijua mila hiyo tangu utoto. Lakini kituoni kwake farasi huondoka na hatamu zao, na alikuwa amesahau kwamba watu wengine hawafanyi hivyo. Waliyemchinja, Sonun akamweleza, alikuwa dume lao la miaka miwili, walilolinenepesha tangu vuli.

Akapiga simu.

"Kubat. Nilitapika."

"Niliona."

"Nilidhani ni Airan."

"Ulidhani ningekulisha Airan?"

"Na wewe ulimwambia mama kwamba sili farasi?"

"Nilikuwa... nitamwambia."

"Kubat!"

"Niliona haya! Alimlisha yule dume kwa mikono yake, akikutaja jina. Ningeanzia wapi?"

"Anzia leo. Kabla hujaja kwangu."

"Akinifukuza?"

"Chumba cha majani kina nafasi."

Alifika alasiri, shati limekunjamana, hatamu nyekundu mkononi. Airan alimnusa mfukoni.

"Kasema nini?" Aizirek aliuliza.

"Kasema alidhani kazaa mwanamume, kumbe kazaa bubu. Kanichapa na kitambaa cha vyombo. Kisha akaitoa hatamu kwenye msumari."

"Hatamu haitoki nyumbani kwenu."

"Nikamwambia hivyo. Akasema bahati itangulie huku, wewe utairudisha siku ukija. Siku hiyo atapika kondoo." Akapiga goti kwenye vitunguu, bila kuangalia alichokipigia. "Utakuja?"

Akafungua kiganja. Hereni zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa kingine cheupe kilichopigwa pasi.

"Nimeziosha mara tatu," alisema.

Aizirek akazinusa. Zilinuka mafuta ya farasi. Akakunja pua, akavaa ya kwanza, akamgeuzia sikio la pili.