Kidevu Juu

Kamera ilianza kukataa nyuso za watu siku ya Jumanne saa nne asubuhi, wakati mwanga wa dirishani ulipokuwa mzuri kuliko saa yoyote nyingine.

Mwenye studio mtaa mzima ulimwita Bwana Kidevu, kwa sababu ya maneno aliyoyasema mara mia kwa siku: "Kidevu juu." Alipiga picha za vitambulisho katika chumba kimoja chenye stuli, pazia jeupe na kioo cha kuchania nywele. Mkewe alikaa mezani akichapa picha na kuzikata. Kamera yao ilikuwa ya dijitali ya zamani, ya zile ambazo lenzi hutoka nje ikinung'unika, na kila aliyemshauri anunue mpya alijibiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Mtu yule alikuwa mbishi, na alijisikia.

Kamera ile, ukibonyeza kitufe nusu, kisanduku kidogo hutokea kwenye skrini, kikatafuta uso, kikiupata hugeuka kijani. Ndipo unabonyeza mpaka mwisho. Asubuhi ile kisanduku kiliupita uso wa mteja, kikaenda kutua hewani juu ya bega lake la kushoto, kikawa kijani. Picha ilitoka na pazia safi kabisa, kila mkunjo unahesabika, ila mteja amefifia kama mtu aliyezama kwenye maziwa.

Bwana Kidevu alizijua dawa zote za kamera kuukuu. Aliipulizia lenzi pumzi akaifuta kwa kitambaa laini. Alisugua shaba za betri kwa raba ya kufutia penseli. Alifuta kadi yote, akarudisha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani, akazima flashi, akasogeza stuli karibu na dirisha, akabana viwiko mbavuni asitikisike. Kisanduku kikarudi palepale hewani.

"Labda kuna mtu hapo," mkewe alitania bila kuinua kichwa.

Bwana Kidevu aliigeukia ile nafasi tupu kwa hasira. "Haya bwana, umeng'ang'ania. Karibu kazini basi! Simama hapo unisaidie."

Ubao wa sakafu nyuma ya stuli ulilia kama umekanyagwa na mtu mzito, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Mkewe aliacha kukata.

Kuanzia mteja aliyefuata, picha zilikuwa za kushangaza. Kisanduku kilitua usoni bila kusita. Vichwa vilinyooka, macho hayakupepesa, hata watoto wachanga walitulia tuli. Sifa zikaenea, na ndani ya wiki moja foleni ilitoka mlangoni ikapinda kona. Bwana Kidevu alitembea kifua mbele, akiwaeleza watu kwamba siri ni mkono wa mpigaji.

Mkewe ndiye aliyeona, kwa kuwa yeye ndiye aliyezishika picha moja moja.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "tazama chini ya taya la huyu. Na huyu. Na yule wa jana."

Ngozi ya kila mmoja ilikuwa imebonyea mahali pane upande mmoja na mahali pamoja tu upande wa pili, kama unga uliokandwa.

"Vivuli hivyo," alisema Bwana Kidevu.

Alikuwa mpiga picha kwa miaka ishirini, kivuli alikijua. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na kusifiwa ni kutamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo hakikuja kwa mficha.

Kilikuja kwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne mwenye shingo kama gogo, aliyetaka picha ya leseni. Aliketi akicheka na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Kidevu juu," alisema Bwana Kidevu. Kidevu kikapanda. "Juu kidogo tena."

Kikapanda, kikaendelea kupanda. Dereva aliacha kucheka, akashika stuli kwa mikono yote miwili, mishipa ikamsimama shingoni, macho yakageukia dari, na mdomoni mwake ikatoka sauti nyembamba isiyofanana na mwili ule.

"Shusha!" alipiga kelele Bwana Kidevu. "Shusha kidevu!"

Kidevu kikashushwa. Kilishushwa kwa nguvu ileile, kikagonga kifua, na kila aliyekuwa kwenye foleni alisikia mfupa ukivunjika. Meno mawili yaliruka yakagonga lenzi. Dereva alianguka kifudifudi, na damu yake ikaingia chini ya pazia jeupe.

Watu kumi walishuhudia kwamba hakuna aliyemgusa, na daktari akaandika kwamba shingo ilikuwa na kasoro ya tangu zamani. Bwana Kidevu aliifungia kamera kabatini, akafunga studio, akaenda kukaa nyumbani. Alidhani amemalizana nayo.

Siku ya tatu, mchana kweupe, alikuwa akimwogesha binti yao wa miaka sita.

"Inua mkono, mwanangu, nikupake sabuni."

Mkono ukainuka. Mtoto alitabasamu, halafu akashangaa, kisha vidole vyake vya miguu vikaacha sakafu, naye akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja hewani, akichuruzika maji, akilia "Baba, Baba, Baba," huku bega likivutika mpaka likatoa mlio kama kizibo cha chupa, na baba yake, aliyekwisha kufungua kinywa aseme shusha, akajing'ata ulimi mpaka damu ikamjaa, kwa kuwa sasa alijua neno lile litafanya nini. Kwa woga alifumba macho. Papo hapo mtoto alianguka mikononi mwake.

Bega lilirudishwa mahali pake. Lakini tangu siku hiyo baba alikula ameupa ukuta uso, hasemi, hamtazami mwanawe. Mtoto aliamini amemkosea. Kila jioni aliuliza kosa lake ni nini, na baba alitoka nje akalie peke yake.

Mkewe ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mwenye mabega ya mchukuzi wa mizigo na mdomo usio na breki. Alinusa hewa ya studio akakunja pua.

"Mlimpa kazi bila kumuuliza jina," alisema. "Jini aliyeajiriwa ni mbaya kuliko aliyetumwa. Aliyetumwa ana siku ya kurudi."

"Tumtoeje?" mke aliuliza kwa mnong'ono.

"Mtu akae kwenye stuli, maana yeye haonekani bila kazi. Nitamwamuru atoke."

Mganga alitaka kukaa mwenyewe, lakini mke alikuwa amekwisha kukaa. "Unahitaji mikono yako. Na mtoto ni wangu."

Ubani ukafuka. Ubao wa sakafu ukalia. Nywele za mke zikatengana kisogoni, zikapangwa upya taratibu.

"Toka!" mganga alinguruma. "Toka, kwa jina la aliyekuumba, toka!"

Kitu kilimnyanyua mganga mzima kama alivyo, kikamtupa kwenye kioo. Kioo kilipasuka, akaanguka na vipande, paji la uso limechanika na mkono umekunjika mahali pasipo na kiungo.

"Hanisikii mimi," alisema kutoka sakafuni akihema. "Anakusikia wewe. Neno lako humfika unayemtazama. Mtazame yeye!"

Bwana Kidevu aliitoa kamera kabatini. Alibonyeza nusu. Lenzi ilinung'unika, kisanduku kikatua usoni kwa mkewe. Akaachia upesi. Akabonyeza tena, kwa mkewe tena. Alama ya betri ikaanza kumeta nyekundu. Alipumua, akabana viwiko mbavuni kama alivyozoea, akabonyeza mara ya tatu, na kisanduku kikayumba, kikapanda, kikasimama juu ya kichwa cha mkewe, kikawa kijani.

Ndani yake mlikuwa na uso. Haukuwa umemalizika, ngozi tu iliyovutwa juu ya kitu, bila mdomo. Mikono miwili mirefu iliteremka kutoka kwake ikashika taya la mkewe kwa ustadi, kidole gumba huku, vinne kule, vilevile kama Bwana Kidevu mwenyewe alivyowashika wateja miaka ishirini.

"Geuza shingo," alisema Bwana Kidevu. "Kushoto."

Ule uso ukageuka. Lakini mikono haikuachia, na kichwa cha mkewe kikageuka nao.

Bwana Kidevu alikaza kidole kwenye kitufe, kisanduku kisiondoke.

"Sema," alinong'ona mkewe.

"Nitakuua."

"Usinitazame mimi, Baba. Usinitazame. Sema, mwanangu atazamwe na babaye."

"Zaidi," alisema Bwana Kidevu, na macho yake hayakutoka kwenye kisanduku, na alisema tena zaidi, na tena, machozi yakimwagika juu ya skrini, betri ikimeta, mkewe akipiga kelele, kisha akiacha kupiga kelele na kuanza kukoroma kama mnyama anayechinjwa, na ule uso ukazunguka ukapita bega, ukapita mgongo, ngozi ikipasuka na kumwaga kitu cheusi kilichochemka kwenye pazia, naye akasema zaidi kwa mara ya mwisho, na mifupa ikavunjika, mlio mmoja mzito na mwingine mdogo, na kamera ikazima mkononi mwake.

Mlio mdogo ulikuwa wa mkewe. Hakufa. Alilala hospitalini miezi miwili amefungwa shingo, na alipofunguliwa uso wake ulibaki umeelekea bega la kushoto. Madaktari walisema utakaa hivyo maisha yake yote.

Kamera waliivunja kwa nyundo. Harufu iliondoka. Hata hivyo baba aliendelea kula ameupa ukuta uso, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika kama jini amekwenda. Ingebidi amtazame mtu na kumwamuru, na angemjaribu nani?

Mkewe ndiye aliyekata shauri. Alivuta kiti katikati ya sebule, akaketi, akamwita mtoto asimame mlangoni.

"Nitazame," alimwambia mumewe. "Niambie nigeuke mbele."

"Mama, kama bado yupo, shingo hiyo haitavumilia."

"Najua. Sema."

Aliinua macho, akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Aliona sikio lake na shavu lake.

"Geuka mbele," alisema. "Geuka unitazame, mke wangu."

Walingoja. Mtoto mlangoni alishika bega lake. Sakafu haikulia. Shingo haikusogea hata kidogo. Ilibaki imepinda kushoto.

Mkewe alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Bwana Kidevu alizunguka kiti, akapiga magoti upande wa kushoto mahali macho ya mkewe yalipoelekea, kisha akamgeukia mtoto.

"Njoo, mwanangu," alimwambia, akimtazama. Na mtoto akaja kwa miguu yake mwenyewe.